Unga Uliokandwa na Kugandishwa: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Biashara

Tafsiri tunayokusudia kuihakiki hapa si ndefu. Haizidi kurasa sita za chapa. Ni maelezo yanayofuatana na bidhaa ambayo wazee wetu hawakuijua: unga wa ngano uliokwisha kukandwa, ukakatwa na kufinyangwa kwa umbo la mkate, skonzi au kruasani, kisha ukagandishwa kwa baridi kali kiwandani Ulaya, ukapakiwa katika kontena la baridi na kupelekwa ng'ambo, ili mwoka mikate wa huko aufungue, auache uumuke, na auoke kana kwamba aliukanda mwenyewe alfajiri ile. Mwenye kiwanda hatutamtaja, wala mfasiri wake. Haja yetu ni maneno, na maneno haya yaliletwa kwetu yasanifiwe kabla hayajachapwa juu ya makasha.

Mtu aweza kuuliza kwa nini baraza la lugha lijishughulishe na maboksi ya unga. Jibu ni kwamba kurasa hizo zimeandikiwa watu watatu ambao kila mmoja wao hutenda kwa mujibu wa neno analolisoma. Afisa wa forodha hutoza ushuru, mtunza ghala huweka kipimo cha baridi, na mwoka mikate huamua saa ya kuwasha tanuri. Riwaya ikifasiriwa vibaya, msomaji huifunga akaenda zake. Kurasa hizi zikifasiriwa vibaya, shehena nzima huoza, au mtu hula kilichooza.

Tuanze na neno lenyewe la bidhaa. Mfasiri ameandika, tangu jina la juu hadi mstari wa mwisho, "unga uliogandishwa". Hatumlaumu kwa kuchagua neno "unga", kwa kuwa ndilo lisemwalo jikoni. Mama huuliza kama unga wa maandazi umeumuka, na hakuna anayedhani kwamba anazungumzia ile poda iliyomo katika mfuko. Lakini neno hilohilo ndilo jina la poda. Kiingereza kina neno moja kwa poda na jingine, "dough", kwa kile kilichokwisha kutiwa maji na kukandwa. Kifaransa nacho kina mawili. Kiswahili hutumia moja kwa yote mawili, na huliachia jiko kazi ya kubainisha.

Si kweli kwamba lugha yetu ni maskini wa majina ya hatua. Lugha iliyotenga mpunga, mchele na wali, na ambayo hulitazama tunda moja la mnazi likikua ikaliita kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, haiwezi kushutumiwa kwa uvivu wa kutaja. Sababu ya upungufu huu, kwa maoni yetu, iko katika kazi yenyewe. Mpunga huuzwa kama mpunga, mchele kama mchele, na wali huuzwa umepikwa. Kila hatua ina soko lake. Unga uliokandwa haukuwa na soko. Aliyeukanda ndiye aliyeuoka au kuukaanga, saa hiyo au usiku uleule, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuhitaji jina. Kilichobadilika ni kwamba baridi kali imeisimamisha hatua hiyo ya katikati na kuifanya bidhaa: inawekewa bei, inakatiwa bima, inapakiwa melini, na inavuka mipaka ya nchi. Kitu kinachovuka mpaka sharti kiwe na jina lake.

Na mpaka wenyewe unalidai jina hilo. Katika orodha ya kimataifa ya uainishaji wa bidhaa inayosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ambayo ilianza kutumika mwaka 1988 na ambayo ndiyo msingi wa viwango vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unga wa ngano ulio poda umo katika fungu la 11.01. Unga uliokandwa kwa ajili ya mikate na vitu vya namna hiyo umo katika fungu dogo la 1901.20, pamoja na michanganyiko mikavu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mkate uliokwisha kuokwa, pamoja na keki na biskuti, umo katika fungu la 19.05. Ndiyo kusema kitu kimoja, kikipita katika mikono ya mwoka mikate, huvuka mafungu matatu ya forodha. Piza mbichi, hata kama imekwisha kupambwa kwa nyanya na jibini, huhesabiwa pamoja na unga uliokandwa. Ikipita motoni, hata kwa kiasi tu, huhama na kukaa pamoja na mikate. Sasa tumfikirie afisa aliyeketi bandarini na karatasi isemayo "unga wa ngano uliogandishwa, tani kumi". Ataupeleka katika fungu gani? Akiusoma kwa maana ya kwanza ya kamusi, ataupeleka katika fungu la 11.01, na hapo atakuwa amefuata Kiswahili vizuri kabisa na kukosea sheria.

Maneno yanayogombea nafasi hii ni matatu. La kwanza ni "unga uliokandwa". Ni maelezo, si jina, ila ni maelezo yasiyo na utata, na kila mtu huyaelewa. Ubaya wake ni kwamba hayapokei vivumishi kwa urahisi: "unga uliokandwa, ulioumuliwa, uliogandishwa, usiotiwa siagi" ni msafara, na msafara wa namna hiyo hauingii katika lebo yenye upana wa vidole vinne. La pili ni "donge". Hili ni neno la wenye kazi. Anayepika chapati hukata madonge kabla ya kuyasukuma, na humhesabia mteja kwa madonge. Lakini donge ni kipande, si kitu chenyewe. Tena limekwisha kuzoea kazi nyingine nyingi: donge la damu, donge la kooni, na lile donge nono ambalo waandishi wa magazeti humpa kila mchezaji wa mpira anayehamia timu nyingine. La tatu ni "kinyunga", ambalo limo katika kamusi zetu kwa maana hasa ya unga uliokandwa tayari kwa kupikwa, lakini halisikiki sana vinywani.

Sisi tumelichagua "kinyunga" kuwa jina la bidhaa, na kuliacha "donge" liwe jina la kipande kilichokwisha kukatwa na kupimwa. Kwa hiyo kasha lina madonge mia moja ya kinyunga, kila donge gramu themanini, na hakuna neno linaloingilia kazi ya jenzake. Pale bidhaa inapotajwa mara ya kwanza katika lebo, maneno "unga uliokandwa" yafuate mara moja ili mnunuzi asipotee.

Tunajua litakalosemwa: kwamba tunafukua neno la kamusini na kuwalazimisha watu walitumie. Hoja hiyo tumeizoea. Ilisemwa pia juu ya "jokofu", neno ambalo wengi hulieleza kuwa ni joko lililokufa, yaani tanuri ambalo moto wake umezimika mpaka ukawa kinyume cha moto. Walilicheka, na leo wanalisoma katika matangazo ya biashara bila kucheka. (Na hapa pana jambo la kufurahisha kidogo: mkate, ambao tangu zamani ulitoka jokoni, siku hizi hutoka kwanza katika jokofu.) Isitoshe, kinyunga si neno la kubuni. Lilikuwapo, halikuwa na kazi ya kutosha, na sasa kazi imepatikana.

Tuje kwenye "kugandishwa". Neno hili ni sahihi, lakini si jepesi kama linavyoonekana. Kuganda kwa Kiswahili ni kuacha hali ya maji na kushikamana, kwa sababu yoyote iwayo. Maji huganda kwa baridi, damu huganda jerahani, samli huganda asubuhi ya kipupwe, na maziwa ya mgando huganda kwa kuchachuka wala hayahitaji baridi hata kidogo. Kwa bidhaa yenye maziwa na siagi ndani yake, utata huu si wa kupuuzwa. Watu wa sokoni wameuepuka kwa njia yao: husema "samaki wa barafu" na "kuku wa friji". Njia hiyo ina uhai wake, lakini "kinyunga cha barafu" kingemfanya mteja atafute kijiko. Tumependelea "kugandishwa kwa baridi" mara ya kwanza, na "kugandishwa" peke yake baada ya hapo.

Kuna tofauti nyingine ambayo mfasiri ameifuta kabisa, na ambayo kiwanda, kikiwa cha Kifaransa, kiliizingatia. Kifaransa kina "congelé" na kina "surgelé". Cha kwanza ni kitu kilichogandishwa kwa vyovyote. Cha pili ni kilichogandishwa kwa kasi. Si pambo la maneno. Maji yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu zenye ncha, na kwa kuwa maji yanapogeuka barafu huongezeka ukubwa kwa kiasi cha asilimia 9, chembe hizo hupasua na kusukuma kila kilicho kando yao. Yakiganda kwa kasi, chembe huwa ndogo na madhara hupungua. Kanuni za utendaji za Codex Alimentarius, tume ya pamoja ya FAO na WHO, zilizotolewa mwaka 1976 na kurekebishwa mwaka 2008, hukihesabu chakula kuwa kimegandishwa kwa kasi pale kinapovuka upesi ule ukanda wa joto ambamo barafu hujijenga zaidi, na kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka kitovu cha chakula kifike nyuzi za Selsiasi 18 chini ya sifuri. Hatuoni haja ya kubuni kitenzi kipya. "Kugandishwa kwa kasi" yatosha. Lakini sharti liandikwe. Katika tafsiri iliyoletwa, maneno yote mawili yamekuwa "kugandishwa", na mtunza ghala amenyimwa habari aliyokusudiwa kupewa: kwamba friza lake la kawaida la dukani haliwezi kuifanya upya kazi iliyofanywa kiwandani.

Hapo ndipo tunapoingia katika kosa ambalo kwetu ni baya kuliko yote ya msamiati. Kwa tendo la kukirudisha kitu kilichogandishwa katika hali yake, mfasiri ametumia "kuyeyusha". Barafu huyeyuka, mshumaa huyeyuka, samli huyeyuka. Kila kimoja huwa maji. Kinyunga hakiyeyuki. Kikitolewa baridini hulainika tu, na kikiyeyuka kweli basi kimeharibika. Mwoka mikate anayesubiri kiyeyuke kama alivyoambiwa atakikuta siagi imemtoka na umbo limelala. Asiye na subira atakisogeza karibu na tanuri, na hilo ndilo jambo ambalo maelezo ya asili yanalikataza, kwa sababu nje ya donge huumuka na kuchacha ilhali moyo wake ungali jiwe.

Wenzetu wawili walipendekeza "kuzimua". Neno ni zuri, kwani kuzimua ni kupunguza ukali, na watu huyazimua maji ya moto kwa maji baridi. Lakini tukitazama vilabuni, kuzimua kumekwisha kupata maana ya kuondoa uchovu wa pombe ya jana kwa pombe ya leo, na hatudhani mwenye kiwanda atafurahi. Sisi tumependekeza "kugandua". Lugha yenyewe imetuonyesha njia: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Kugandua tayari ni kukiondoa kilichoganda mahali kiliposhikamana. Kulipanua neno mpaka kwenye kinyunga ni hatua fupi. Kikiganduliwa, kinaganduka, na kinakuwa kimeganduka. Tofauti yake na kuyeyuka ni wazi hata kwa mtoto.

Kwa nini tunalikazania hili? Kwa sababu ya onyo ambalo sheria ya Ulaya, katika maelekezo ya mwaka 1988 juu ya vyakula vilivyogandishwa kwa kasi, hutaka liwemo katika kila kifurushi: kwamba chakula kikisha kuganduliwa kisigandishwe tena. Tafsiri inasema "isiyeyushwe ili kugandishwa tena". Sarufi yake haina kasoro, lakini imekataza nia badala ya kukataza tendo. Umeme ukikatika usiku kucha na madonge yakalainika bila mtu kukusudia, mwenye duka aliyesoma sentensi hiyo hajakatazwa lolote. Yeye hakuyayeyusha ili ayagandishe. Atayarudisha frizani kwa dhamiri safi. Tumeandika: "Kikiganduka, usikigandishe tena."

Sehemu ya hamira ina makosa machache, lakini ni makubwa. Mfasiri ametumia "chachu" kila mahali, pengine kwa mazoea ya Biblia, ambamo mikate isiyotiwa chachu inajulikana na kila mtu. Hatuna ugomvi na neno hilo. Hata hivyo, kile kinachouzwa dukani katika kopo au pakiti, chenye chembe kavu za rangi ya kahawia, watu wa bara na wa pwani hukiita hamira, na hicho ndicho kilichomo katika kinyunga hiki. Yafaa "chachu" ihifadhiwe kwa ule unga uliolazwa ukachachuka wenyewe, ambao waoka mikate huuendeleza siku hata siku na kuutia katika unga mpya; nao una soko lake siku hizi, na utahitaji jina.

Lakini mfasiri hakuishia kwenye nomino. Kwa kinyunga ambacho kiwanda kilikiacha kiumuke kabla ya kukigandisha, ameandika "kilichochacha". Sijui mnunuzi yupi atakayelipia kitu kilichochacha, awe wa Tanga au wa Mombasa, au wa Muscat, ambako Kiswahili husemwa nyumbani mwa watu wengi. Wali uliochacha humwagwa. Hata mtu aliyechacha, kwa lugha ya vijana, ni yule asiye na senti mfukoni. Neno la kazi hii lipo, nalo ni kuumuka. Anayekifanya kiumuke anakiumua. Kwa hiyo kuna kinyunga kilichoumuliwa na kinyunga kisichoumuliwa, na mwenye kukisoma anajua mara moja kama ana saa moja ya kungoja au hana.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mfanyabiashara. Hamira ni kiumbe hai, na kiumbe hicho hustahimili baridi vizuri zaidi kikiwa bado kimelala kuliko kikiwa kimekwisha kuamka na kufanya kazi. Ndiyo maana viwanda vinavyouza kinyunga kisichoumuliwa hukanda kwa maji ya baridi, hukata upesi, na hugandisha kabla uumukaji haujashika kasi. Hutia hamira nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa sehemu yake itakufa njiani. Seli zinazokufa nazo haziishi bure. Hutoa dutu inayolegeza gluteni, ule utando unaoshikilia hewa, na ndiyo sababu unga wa kazi hii huchaguliwa wenye nguvu. Baada ya miezi kadhaa frizani, kinyunga huumuka kwa shida. Mfasiri anayeijua habari hii hawezi kuchanganya kilichoumuliwa na kisichoumuliwa, na asiyeijua hataokolewa na kamusi yoyote.

Kwa jumla bidhaa hizi ni za namna nne, na waraka wa asili unazitaja zote. Mbili ni za kinyunga, nazo tumekwisha kuzitaja. Ya tatu ni mkate uliopitishwa tanurini mpaka ukasimama, lakini ukatolewa kabla haujapata rangi, ukagandishwa, ili mnunuzi aumalizie. Ya nne ni mkate ulioiva kabisa uliogandishwa, ambao unahitaji kuganduliwa tu, au kupashwa moto. Kwa ile ya tatu mfasiri ameandika "mkate mbichi", na hapo forodha itamkamata, maana mkate huo umekwisha kuhamia fungu la 19.05. "Mkate uliookwa nusu" ni afadhali, ila huacha swali la nusu ya nini. Tumependekeza "mkate wa kumalizia", kwa kuwa jina la bidhaa iliyo njiani lifae kumwambia mtu kazi iliyobaki. Tunakiri kwamba wenzetu wengine katika kamati hawakupendezwa nalo.

Ziko pia tafsiri ambazo zilitufurahisha bila kukusudiwa. Kwa kinyunga kinachokunjwa pamoja na siagi mara nyingi mpaka kikafanya tabaka, Wafaransa hutumia neno linalotokana na jani. Mfasiri ameandika "unga wa majani". Mwenye ng'ombe angeufurahia. Lakini Waswahili wana chapati ajemi, ambayo hupakwa samli, ikakunjwa, ikazungushwa na kusukumwa tena, na kila anayeila huzihesabu tabaka zake. Kanuni ni ileile. Kinyunga kikikunjwa mara tatu katika sehemu tatu, huwa na tabaka ishirini na saba za siagi. "Kinyunga cha tabaka" ndilo jina lake, na halikuhitaji safari ya Paris. Kadhalika zile karatasi nyembamba za unga ziuzwazo zimegandishwa, ambazo mfasiri amezieleza kwa mstari mzima, wapika sambusa huziita manda.

Tarakimu sasa. Waraka wa asili unaagiza bidhaa iwekwe kwenye −18 au chini ya hapo. Tafsiri inasema: "Hifadhi katika joto lisilopungua nyuzi 18." Alama ya kutoa imepotea, labda kwa mpiga chapa; lakini hata ingalikuwapo, sentensi ingekuwa imepinduka, kwani joto lisilopungua −18 ni −18 na kila kilicho juu yake, hadi jua la Dodoma saa saba mchana. Tatizo linatokana na kuipima baridi kwa neno "joto". Mwanafizikia hana shaka nalo, lakini mtunza ghala, akiambiwa joto lisizidi hasi kumi na nane, hufikiri mara mbili, na saa tisa za usiku mtu hafikiri mara mbili. Kiswahili cha kawaida kina njia iliyonyooka: "Weka katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, au baridi kali kuliko hiyo." Hapana hasi, hapana kupungua wala kuzidi, na maneno "chini ya sifuri" hayafutiki kwa kidole kama kistari kinavyofutika. Tungependa utaratibu huu ufuatwe pia katika maelezo ya chanjo na ya samaki.

Juu ya "mnyororo baridi" hatutasema mengi. Ni neno lililofasiriwa sisisi, na mnyororo wa chuma ulioachwa nje usiku ni baridi pia. Lakini watumishi wa chanjo wamekwisha kulizoea, na neno lililokwisha kuokoa maisha ya watoto halifai kung'olewa kwa ajili ya mikate. Vivyo hivyo hatukugusa "kontena", ingawa mmoja wetu angali anashikilia "kasha".

Sehemu ya mwisho ya waraka ni ya matangazo, nayo inamruhusu mnunuzi aandike dukani kwake "mkate mpya uliotengenezwa hapa". Hapa kosa si la mfasiri, amefasiri alichopewa. Lakini inafaa wasomaji wetu wajue jinsi kiwanda hicho kinavyobanwa kwao. Ufaransa, ambayo huuza kinyunga kilichogandishwa katika nchi nyingi, ilitoa amri tarehe 13 Septemba 1993 kwamba mkate uitwao wa jadi ya Kifaransa usiwe umegandishwa katika hatua yoyote ya kutengenezwa kwake. Kisha sheria ya tarehe 25 Mei 1998 ikazuia duka lisijiite kwa jina la mwoka mikate ikiwa mwenyewe hakukanda, hakuumua, hakuunda na hakuoka mahali hapo, au ikiwa mkate uligandishwa wakati wowote. Yaani neno moja limejengewa ua wa sheria. Nchini Ireland nako, mwaka 2020, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mkate wa maduka ya Subway hauingii katika maana ya mkate iliyowekwa na sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 1972, kwa kuwa sukari yake ilifikia asilimia 10 ya uzito wa unga, na sheria ilikuwa imeweka mpaka wa asilimia 2. Wenzetu hawa hawaoni aibu kuliuliza neno "mkate" lina maana gani mbele ya majaji.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, na baraza la lugha haliwezi kuitunga. Lakini mfasiri aweza kukataa neno "uliotengenezwa" pale ambapo kilichofanyika hapa ni kuoka tu. "Uliookwa hapa leo" ni kweli tupu, na bado ni tangazo zuri. Tumelirudisha neno hilo kwa mwenye waraka kwa wino mwekundu. Yeye amejibu kwamba atalifikiria.

Limebaki neno moja ambalo hatukuafikiana. Kitu kikikaa frizani muda mrefu bila kufunikwa vizuri, unyevu wake wa juu hutoka na kuacha mabaka makavu yenye weupe. Kiingereza huliita jambo hilo kuungua, na mfasiri ameandika "kuungua kwa friza", jambo ambalo msomaji wa kwetu atalichukua kuwa ni hitilafu ya umeme. Kwa sasa tumeandika "mabaka ya ukavu wa baridi", na hatujaridhika. Viwanda vya Mwanza vimekuwa vikigandisha minofu ya sangara na kuiuza Ulaya kwa miaka mingi, na wafanyakazi wake wameyaona mabaka hayo kila siku. Kama wana neno lao, tunaomba watuandikie kabla waraka huu haujarudi kwa mpiga chapa.